Kati ya Mkao na Mkao: Shajara ya Safari, Shanghai hadi Dunhuang

Jumamosi, Shanghai

Mpwa wangu anasoma udaktari Wuhan. Amekuja kunipokea na ratiba aliyoipanga mwenyewe, tiketi zote za treni zimo kwenye simu yake. "Mjomba, huku kuna mengi," ameniambia tukinywa chai. "Chagua unachokitafuta, mengine tuyaache."

Ninachokitafuta nakijua. Nimepiga fidla kwenye taarab Unguja tangu ujana wangu, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitazama video za muziki na dansi za China zinazoitwa za kale. Mikono mirefu ya hariri, kengele za shaba, wanawake wanaoelea. Kila mara nabaki na swali la fundi: nani ametunga? Noti hazitoki kaburini zikiwa zimeshapangwa. Lazima kuna mtu aliyekaa akaamua hii iwe ndefu na ile iwe fupi, na mwingine aliyeamua mguu utue wapi. Watu hao ndio nimekuja kuwafuata.

Mchana tumekwenda kusimama nje ya ukumbi wa Lyceum. Hapo, tarehe 27 Mei 1959, msichana wa miaka 18, Yu Lina, alipiga kwa mara ya kwanza konseto ya fidla iliyotungwa na wanafunzi wawili wa chuo cha muziki cha Shanghai, He Zhanhao na Chen Gang, juu ya kisa cha wapenzi Liang Shanbo na Zhu Yingtai waliogeuka vipepeo. He Zhanhao alitokea kwenye okestra ya opera ya Yue, mkoa wa Zhejiang. Alijua jinsi waimbaji wa opera ile wanavyoteleza kutoka noti moja hadi nyingine, akaupeleka mtelezo huo kwenye fidla ya Kizungu. Mtu wa taarab hahitaji kuelezwa. Kidole hakirukii noti, kinaburuzwa mpaka kifike. Huo ndio mlango wangu wa kuingilia, na umefunguka siku ya kwanza.

Jumapili, Wuxi

Treni ya mwendokasi haikuchukua hata saa nzima. Katikati ya mji, maduka makubwa yakiizunguka, imebaki nyumba ndogo ya Hua Yanjun, ambaye kila Mchina anamwita Abing. Alizaliwa 1893, akakulia hekaluni kwa watawa wa Kitao, dini ya kale ya China, akajifunza ala za ibada moja baada ya nyingine. Baadaye akapofuka, akaishia kupiga muziki barabarani. Ala zake mbili zilikuwa erhu, fidla ya nyuzi mbili yenye ngozi ya chatu ambayo upinde wake unapita katikati ya nyuzi, na pipa, ala yenye tumbo la umbo la pea.

Kiangazi cha 1950 walikuja wataalamu wawili wa muziki, Yang Yinliu na Cao Anhe, wakiwa na mashine ya kurekodia kwa waya wa chuma. Yang alikuwa mzaliwa wa Wuxi, na utotoni alijifunza kwa watawa walewale waliomlea Abing. Walimkuta mzee hajagusa ala kwa muda mrefu. Akaazimiwa ala, akaomba siku chache za kujikumbusha. Wakarekodi vipande sita: vitatu vya erhu, vitatu vya pipa. Waliagana kwa ahadi ya kukutana tena na kuendelea, kwa kuwa Abing alikuwa na vingine vingi kichwani. Desemba ya mwaka huohuo akafariki.

Vipande sita! Nimekaa kwenye benchi uani nikalifikiria jambo hili mpaka mpwa wangu akaniuliza kama nimechoka. Kila mwanafunzi wa erhu duniani leo anapitia kwa Abing, na njia yote ni ule waya mmoja. Kile maarufu zaidi hakikuwa hata na jina la kudumu. Yang alipomuuliza ndipo wakakubaliana kukiita Erquan Yingyue, mwezi ukijitazama katika Chemchemi ya Pili. Chemchemi yenyewe iko chini ya mlima Huishan. Lu Yu, bingwa wa chai wa enzi ya Tang (karne ya saba hadi ya kumi), aliiweka ya pili kwa ubora nchini kote. Tumekwenda alasiri. Ni kisima cha mawe, maji yametulia, watu wanapiga picha.

Nimeisikiliza rekodi ya Abing hapohapo kwa spika za masikioni. Wimbo unarudi tena na tena, na kila unaporudi umepanda kidogo, umekazwa kidogo, na upinde unabonyezwa zaidi. Haurudiwi kama kiitikio. Unarudi kama mtu anayesimulia jambo lilelile kwa sababu mara ya kwanza hakusikilizwa. Mwaka 1977 mtunzi Wu Zuqiang alikipanga kipande hiki kwa okestra ya nyuzi, na inasimuliwa kwamba kondakta wa Kijapani Seiji Ozawa alipokisikia kwa erhu mwaka uliofuata alilia, akasema muziki wa namna hii husikilizwa kwa kupiga magoti. Mpango wa Wu ni mzuri na nimeupenda. Lakini okestra imelainisha mkwaruzo wa upinde, na kwangu mimi mkwaruzo ule ni sehemu ya utunzi. Abing hakuandika noti hata moja, aliyaandika haya kwa uzito wa mkono.

Jumatatu, njiani kwenda Wuhan

Siku ya treni. Mashamba, viwanda, mito, mahandaki. Nimesoma habari za Liu Tianhua, aliyezaliwa 1895 Jiangyin, jirani kabisa na Wuxi. Zama zake erhu ilikuwa ala ya kusindikizia opera na ala ya ombaomba. Hakuna aliyeifikiria kuwa ya kukaa peke yake jukwaani. Liu, ambaye pia alisomea fidla, aliitungia vipande kumi vya kupiga peke yake na mazoezi 47 ya vidole na upinde, akaifundisha Chuo Kikuu cha Peking. Alifariki 1932, akiwa na miaka 37, kwa homa aliyoambukizwa katika siku za kukusanya midundo ya wapiga ngoma wa mtaa wa Tianqiao, Beijing.

Abing na Liu hawakutofautiana miaka wala umbali. Mmoja aliacha sauti, mwingine aliacha maandishi. Erhu ya leo imesimama juu ya wote wawili.

Jumanne, Wuhan

Jumba la makumbusho la mkoa wa Hubei. Nimeingia saa tatu asubuhi, nikatolewa na walinzi jioni.

Mwaka 1977 wanajeshi waliokuwa wakilipua mwamba karibu na Suizhou waligundua kaburi. Lilifukuliwa 1978. Aliyezikwa ni Bwana Yi wa dola ndogo ya Zeng, takriban mwaka 433 kabla ya Kristo, na alizikwa na muziki wake wote: kengele 65 za shaba zilizotundikwa kwa ngazi tatu kwenye fremu ya pembe mraba, zikishikiliwa na sanamu za wapiganaji wa shaba. Ile kubwa ina uzito wa kilo 203.6. Hazina umbo la mviringo kama kengele za kanisa. Zimebanwa, mdomo wake umechongoka pande mbili kama jicho, na umbo hilo ndilo linaloleta ajabu: ukiipiga katikati inatoa noti moja, ukiipiga pembeni inatoa noti nyingine, na kila moja inasimama peke yake bila kuichafua mwenzake.

Mtaalamu Huang Xiangpeng alikuwa ameshasema hivyo 1977, baada ya kupima kengele nyingine za zamani, na wengi walisita kumwamini. Mwaka mmoja baadaye kaburi likamjibu. Juu ya kengele hizi noti zote mbili zimeandikwa majina kwa maandishi ya dhahabu, kila moja mahali pake. Kwa pamoja zinafika oktava tano.

Lakini hakuna wimbo. Maandishi yanaeleza noti na jinsi majina yake yanavyolingana kati ya dola moja na nyingine. Hayasemi hata mstari mmoja wa kupigwa. Tarehe 1 Agosti 1978 kengele zenyewe zilipigwa hadharani Suizhou baada ya kimya cha zaidi ya miaka 2,400, na wimbo wa kwanza ulikuwa wa karne ya ishirini, ule wa kumsifu Mao. Wangepiga nini kingine? Ilibidi watunzi wa Hubei waanze kuzitungia upya, na 1983 wakatoa onyesho zima la kengele na dansi. Mwaka 1997 mtunzi Tan Dun akaziingiza katika simfonia yake ya kurejeshwa kwa Hong Kong.

Katika ukumbi wa jumba hilo nakala hupigwa mbele ya wageni. Wapigaji wa juu wanatumia nyundo ndogo za mbao, na wawili wa chini wanasukuma magogo marefu kwa mwili mzima. Noti za chini hazifiki sikioni tu, zinapanda kupitia kiti. Nimeona pia tatizo la mtunzi: kengele inaendelea kulia muda mrefu, ukiwahi kupiga nyingine zinagombana. Anayezitungia hana budi kuacha nafasi. Mwendo ule wa taratibu tunaouita wa kifalme, nusu yake umeamuliwa na shaba.

Jumatano, Beijing

Asubuhi treni, jioni nyumbani kwa mwalimu wa guqin katika kichochoro kimoja cha mji wa zamani. Tulikuwa wachache, chai ikipita. Guqin ni ala ya nyuzi saba inayolazwa mezani, haina vizuizi vya vidole, ina vidoto kumi na vitatu tu vya kuonyesha mahali. Sauti yake ni ndogo kiasi kwamba feni ya chumba jirani ilizimwa.

Mwalimu ametuonyesha kitabu cha noti. Kila alama ni kifungu cha maelekezo yaliyobanwa: kidole gani cha kushoto, doto la ngapi, uzi wa ngapi, kidole gani cha kulia, kuvuta au kusukuma. Kila kitu kimo, isipokuwa muda. Hakuna palipoandikwa noti idumu kiasi gani. Ukitaka kuufufua wimbo ambao mnyororo wa walimu wake ulikatika, unakaa na kitabu na kuutafutia mapigo mwenyewe. Wapigaji wana usemi wao: wimbo mdogo miezi mitatu, wimbo mkubwa miaka mitatu.

Guan Pinghu, aliyezaliwa 1897, alifanya kazi hii kuliko wengi. Alikuwa mchoraji na mpiga guqin aliyeishi kwa shida miaka mingi, mpaka taasisi ya utafiti wa muziki ilipomwajiri miaka ya 1950. Akaurudisha Guangling San, wimbo wa sehemu 45 uliohifadhiwa katika mkusanyo wa mwaka 1425, ule ambao inasemekana mwanafalsafa Ji Kang aliupiga karne ya tatu kabla ya kukatwa kichwa. Akaurudisha You Lan kutoka hati ya enzi ya Tang iliyotunzwa Japani. Rekodi yake ya Liu Shui, maji yatiririkayo, ya dakika saba na sekunde 37, iliwekwa 1977 kwenye sahani ya dhahabu ndani ya vyombo vya anga vya Voyager kwa pendekezo la mtunzi Chou Wen-chung, na sasa iko katika anga la kati ya nyota.

Hapo ndipo nilipouliza: katika Liu Shui, yale maporomoko ya katikati, vidole vinapozungushwa juu ya nyuzi bila kukoma, nayo ni ya kale? Mwalimu alitabasamu. Katika mkusanyo wa 1425 hayamo. Yanaonekana katika kitabu cha 1876, na yanatokana na mtawa wa Kitao wa Sichuan, Zhang Kongshan. Sehemu ambayo kila msikilizaji anaikumbuka, ile inayosafiri angani kwa niaba ya China ya kale, ina mtunzi wa karne ya kumi na tisa mwenye jina na makao.

Sikukata tamaa kulisikia hilo. Nilifurahi. Kisha mwalimu alipiga kipande kimoja kifupi mara mbili, alama zilezile, kwa mapigo mawili tofauti. Zilikuwa nyimbo mbili.

Alhamisi, Beijing

Leo dansi. Rafiki wa mwalimu wa jana alitupatia ruhusa ya kukaa pembeni ya darasa la vijana. Nilidhani nitaona miruko. Kwa karibu saa nzima walikaa sakafuni, miguu imekunjwa, wakipumua. Pumzi ikishuka, uti wa mgongo unashuka nayo pingili kwa pingili. Pumzi ikipanda, kichwa ndicho cha mwisho kufika. Baada ya hapo kifua kinasogezwa mbele, nyuma, pembeni, kinafunikwa, kinafunuliwa. Miguu haijaguswa bado.

Mfumo huu ulijengwa na Tang Mancheng na Li Zhengyi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shule ya dansi ya Beijing ilifunguliwa 1954, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Dai Ailian, mwanamke aliyezaliwa Trinidad, akasomea dansi Uingereza, akaja China 1940 akiwa hajui Kichina vizuri, akazunguka vijijini kukusanya ngoma. Dansi iliyoitwa ya kale ilijengwa hapo kwa mihimili miwili: miondoko ya opera na mazoezi ya balei. Waliojifunza walikuwa na miguu mizuri na migongo iliyonyooka, lakini Tang na Li waliona kuna kitu kimekosekana katika kupita kutoka mkao mmoja hadi mwingine. Opera imejaa mikao. Mcheza opera mzuri akitoka hapa kwenda pale anapita njia ya duara, na akitaka kwenda kushoto anaanza kulia. Wakaichambua njia hiyo: duara la kulala, duara la kusimama, na nane. Wakaifanya somo.

Nikiwa mpiga fidla nimeelewa kwa mkono wangu. Anayeanza anajifunza noti. Fundi anajifunza barabara ya kutoka noti hii kwenda ile.

Si wote waliokubaliana nao. Sun Ying, wa chuo hichohicho, alisema opera ni ya juzi tu, zama za Ming na Qing, na kwamba anayetaka dansi ya kale arudi kwenye michongo ya mawe ya makaburi ya enzi ya Han, ya yapata miaka elfu mbili iliyopita, na sanamu za udongo. Akatunga Tongque Ji katika miaka ya 1980, kisha Tage, dansi ya wasichana wa mikono mirefu ya kijani wanaopiga hatua huku mkono na mguu wa upande mmoja vikitoka pamoja. Ukiitazama mara ya kwanza mwili wako unakataa, ya pili unataka kuinuka. Tatizo la Sun Ying lilikuwa kubwa kuliko la wenzake. Jiwe linaonyesha mkao peke yake. Hatua inayofuata alilazimika kuitunga mwenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipokuwa mkubwa. Akisema ni ya Han au asiseme, Tage ni yake.

Ijumaa, Beijing

Usiku tumetazama Zhi Ci Qinglü, mchezo wa dansi uliotoka 2021, kazi ya wanawake wawili, Zhou Liya na Han Zhen, muziki wa Lü Liang. Umetokana na mchoro wa mwaka 1113 wa Wang Ximeng, kijana wa miaka 18, milima na maji kwenye hariri yenye urefu wa karibu mita kumi na mbili, uliohifadhiwa katika Jumba la Kifalme hapahapa Beijing. Mtafiti wa leo anaingia katika dunia ya mchoraji, na tunawaona waliosahaulika nyuma ya kila mchoro: anayechonga muhuri, anayefuma hariri, anayesaga mawe ya rangi, anayetengeneza brashi, anayetengeneza wino.

Wanawake wa rangi ya bluu na kijani ndio milima. Nywele zimefungwa juu kama vilele. Wanasimama, na mtu anangoja wacheze, nao hawachezi. Wanageuza bega. Wanaacha mkono wa nguo udondoke. Halafu wanajipinda nyuma, kiuno kikivunjika taratibu mpaka mtu anashika pumzi, na wanabaki hapo. Zhou na Han wangeweza kutuletea sarakasi, wacheza wao wanaziweza. Walichagua kutuonyesha uzito wa mlima usiotaka kwenda popote, na ukumbi mzima ukakaa kimya nao.

Mpwa wangu alitoka akifuta macho. Alisema kilichomgusa ni mfuma hariri.

Jumamosi, njiani kwenda Lanzhou

Siku nzima magharibi. Ardhi inabadilika kuwa ya udongo wa njano uliokatwakatwa na makorongo. Usiku tumekula tambi za nyama ya ng'ombe kwa Waislamu wa Kihui, bakuli la mchuzi mweupe, pilipili juu, figili na giligilani. Mzee wa duka aliposikia salamu yangu alitoka jikoni kunipa mkono.

Jumapili, Lanzhou

Kwa mtu wa dansi mji huu ni mama. Hapa, 1979, kikundi cha mkoa wa Gansu kilitoa Silu Huayu, mchezo wa dansi juu ya mchoraji wa mapango ya Kibudha ya Dunhuang, binti yake Yingniang, na mfanyabiashara kutoka Uajemi. Oktoba ya mwaka huo wakaipeleka Beijing kwa sherehe za miaka 30 ya jamhuri. Watunzi wa dansi yake walikuwa kundi zima, akiwemo Liu Shaoxiong, na kabla ya kutunga walikwenda kukaa mapangoni, wakichora mikao kwenye madaftari. Aliyewafungulia milango na kuwaeleza walichokiona alikuwa Chang Shuhong, mchoraji aliyekutana na picha za Dunhuang katika kitabu kilichouzwa kando ya mto Paris, akarudi kwao na kuyatumikia mapango hayo tangu miaka ya 1940.

Tatizo lao lilikuwa lilelile. Ukuta unatoa mkao: nyonga imetoka upande huu, mbavu upande ule, kichwa kimerudi, mwili umepinda mara tatu. Mtu halisi akisimama hivyo na kutaka kutembea, anaanzaje?

Aliyelijibu swali hilo kwa ajili ya darasa ni Gao Jinrong, mwalimu wa shule ya sanaa hapa Lanzhou, aliyezaliwa 1935. Baada ya Silu Huayu alikwenda kuishi Mogao, penye mapango hayo ya Dunhuang, akanakili mikono, vidole, macho na nyayo zilizo pekupeku, kisha akatunga mtaala: mazoezi ya nyonga, ya mbavu, ya shingo, jinsi pumzi inavyouvuta mwili kuingia katika upinde na kutoka. Kabla yake mcheza dansi aliweza kuiga picha. Baada yake mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kufundishwa lugha nzima. Kazi kama hii haina makofi ya jukwaani, na jina lake halijulikani nje ya watu wa fani. Ndiyo maana naliandika hapa kwa ukamilifu: Gao Jinrong.

Lanzhou pia ndiko kilikotoka, mwaka 2000, mchezo mwingine mkubwa juu ya mapango, Da Meng Dunhuang, dansi ya Chen Weiya na muziki wa Zhang Qianyi. Usiku huu tumepanda treni ya vitanda.

Jumatatu, Dunhuang

Mji wa nyasi chache na mchanga mwingi. Katikati ya barabara kuu imesimama sanamu ya mwanamke aliyeibeba pipa nyuma ya shingo na kuipiga huko, mguu mmoja umeinuliwa. Asili yake ni picha ndogo ukutani, katika pango namba 112, la enzi ya Tang. Pango lenyewe ni dogo mno, sikuingia. Pipa ile ni ndugu wa udi tunaoupiga kwetu. Zote mbili zinarudi kwenye barbat ya Uajemi, moja ilikwenda mashariki, nyingine ikaja pwani kwetu kupitia Uarabuni. Enzi hiyo pipa ililazwa kifuani na kupigwa kwa kipande cha mbao, kama sisi tunavyopiga kwa kijiti. Leo inasimamishwa pajani na kupigwa kwa vidole vitano.

Jioni nimejifunza habari za hati ninayotamani kuiona. Mwaka 1900 mtawa Wang Yuanlu alikuta chumba kilichozibwa, kimejaa maelfu ya hati. Mwaka 1908 Mfaransa Paul Pelliot akaondoka na nyingi, na mojawapo iko Paris: upande mmoja ni mahubiri ya Kibudha ya mwaka 933, upande wa pili ni noti za pipa, nyimbo 25. Alama ni ishirini tu, na hesabu inakubali: nyuzi nne, kila mmoja ukiwa wazi na kwenye vizuizi vinne. Mjapani Hayashi Kenzo alianza kuzisoma miaka ya 1930, Ye Dong wa Shanghai akatoa usomaji wake mwanzoni mwa miaka ya 1980, Chen Yingshi akapinga na kutoa wake. Ugomvi ni juu ya nukta na vimraba vilivyo pembeni ya alama. Je, ni pigo? Ni pumziko? Nimesikiliza usomaji wa wimbo mmoja kutoka kwa wawili wao. Mmoja unakwenda kwa utulivu wa baraza la mfalme, wa pili ungeweza kuchezwa harusini. Noti ni zilezile.

Jumanne, Mogao

Mapango 735 katika ukuta wa mwamba, 492 kati yake yana michoro au sanamu. La kwanza lilichimbwa mwaka 366. Mwongozaji anaingia na tochi, maana ndani hakuna taa, na picha ni marufuku. Rangi zinatoka gizani kipande kwa kipande.

Tumelipia nyongeza kuingia pango namba 220. Limeandikwa mwaka: 642. Kwa karne nyingi michoro yake ilifichwa na tabaka la baadaye, mpaka miaka ya 1940 lilipoondolewa, ndiyo maana bluu na kijani chake bado ni kikali. Ukuta wa kaskazini kuna wacheza dansi wanne, wawili wawili, kila mmoja juu ya zulia dogo la mviringo, na wapiga ala pande mbili: pipa, filimbi, kinubi, ngoma za kiunoni. Wataalamu wengi wanaitambua kuwa huxuan, dansi ya kuzunguka iliyokuja kutoka upande wa Samarkand. Ukuta wa kusini, juu angani, ala zinaelea zikiwa zimefungwa tepe, hazina mpigaji, zinajipiga. Nimezitazama hizo mpaka tochi ikahama.

Kwenye kundi letu alikuwepo binti anayesomea dansi Lanzhou. Tulipotoka nje alimwuliza mwongozaji wale wanne wanazunguka kwenda wapi. Mwongozaji akasema kulia, utepe unaonyesha. Binti akasema hapana, utepe hubaki nyuma ya mwili. Kwa jinsi ulivyojikunja juu ya mkono, yule wa mwisho ama anazunguka kushoto, ama ameshazunguka kulia na ndiyo kwanza anasimama. Mwongozaji akajibu kwamba mchoraji alichora kinachopendeza. Mpwa wangu akatafsiri kwa haraka, akishindwa kufuata. Binti akavua koti, akaazima shali ya mwanamke mmoja wa kundi letu, akasimama juu ya sakafu ya mawe mbele ya ngazi na kuzunguka kulia mara tatu, mkono mmoja juu. Shali haikukaa kama utepe wa ukutani. Mwongozaji akampa tochi mtu amshikie, akamwambia ajaribu kwa kushoto, na safari hii asimame ghafla.